Korongo Aliyeitika Bila Kuitwa

2 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo.

*Ukurasa wa kwanza (mpe Mzee)*

Kwa heshima zote, na baada ya kushauriana na wataalamu waliokuwapo ukumbini, yaani mimi na kopo la mafuta, nasikitika kuitangazia familia kwamba Korongo Namba Nne amepatwa na mafua. Yalianza juzi. Kila akiinamisha shingo anatoa mlio kama bawaba ya mlango wa ghala. Ametibiwa kwa kijiko kimoja cha mafuta ya mashine asubuhi na kimoja jioni. Hali yake inaendelea vizuri. Wananchi wanaombwa kuwa watulivu.

Baba, naandika barua kama ulivyoagiza siku masikio yako yalipostaafu: habari isiyosomeka si habari. Huku wageni bado wananiuliza hawa ndege wanafanyaje kazi. Nawaambia, hapa wako korongo watano wa chuma, warefu kuliko mimi, jambo ambalo si gumu. Wawili wengine wako mji wa kwetu, safari ya siku nzima, katika maktaba ya dada yangu. Ukibonyeza kiganja kifuani mwa ndege wa hapa, mwenzake wa kule anainama na kugonga ubao kwa mdomo. Akibonyezwa wa kule, wa hapa naye anagonga. Hakuna waya katikati, ni mtandao tu, na kisanduku chenye taa ya kijani. Akili zote hizo ni za Msanii, bosi wangu, binti ambaye ningeweza kumzaa. Mimi nimechomelea mifupa. Kwenye bango la maonyesho jina lake liko juu kabisa, na langu liko chini, jirani na onyo la kutovuta sigara.

Lakini saa tatu kamili asubuhi Namba Nne huwa si wa wageni. Ni wetu. Ukigonga mara mbili, ukanyamaza, kisha ukagonga moja, kama ulivyogonga meza ya duka la saa ulipotuita tuje kula, najua umeamka salama. Najua pia kwamba nachelewa kuitika. Jana ilikuwa dakika tatu. Tafadhali usiziandike kwenye daftari lako.

*Ukurasa wa pili (wa Dada peke yake)*

Ngiri ya Mzee inasemaje? Amekubali kupasuliwa? Usinijibu kwa ujumbe wa simu. Mzee ndiye anayekuchajia simu na anasoma kila kinachoingia, tena bila miwani.

Mdogo wako,
Fundi wa Ndege Wasioruka

&nbsp;

7 Machi

Marahaba, mdogo wangu.

Mzee amesoma habari za mafua akacheka mpaka akaishika ngiri kwa mikono miwili. Alipomaliza kucheka akakunja uso na kuniambia: “Mwandikie. Asitie mafuta mashine inayotembea. Simamisha kwanza, ndipo ufungue.” Nimeandika. Unakumbuka alivyokuwa akimwambia hata Mama, kuhusu sufuria?

Daktari ametupa siku: tarehe 2 Aprili. Ameniambia pembeni kwamba ngiri ile ikijisokota hatutakuwa na saa nyingi za kukimbizana. Mzee alikataa. Hakatai kisu, anakataa dawa ya usingizi. Unajua ni kwa nini. Mama naye aliambiwa “lala kidogo tu”.

Nilimbembeleza siku tatu. Mwisho akasema: “Sawa. Asubuhi ile nitapita maktaba kwanza. Nitagonga, ataitika, ndipo niende kulala. Mtu akijua wanawe wote wako macho, yeye anaweza kufumba.”

Kwa hiyo mdogo wangu, tarehe 2 uwe umesimama mbele ya ndege wako mapema. Chelewa siku nyingine zote, siku hiyo hapana.

Dada yako

&nbsp;

16 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo.

*Ukurasa wa kwanza (mpe Mzee)*

Baba, usishangae mwandiko. Nimesoma mahali kwamba mtu akishapita hamsini, kuandika kwa mkono wa kushoto kunanoa ubongo. Nimeanza kunoa. Unavyoona bado ni butu. Namba Nne amepona mafua na anawasalimu wote. Nimefurahi kusikia ya tarehe 2. Nitakuwepo, nawe utaitikiwa saa tatu kamili, bila kuchelewa hata sekunde moja. Nimeokoka.

*Ukurasa wa pili (wa Dada peke yake)*

Dada, kaa kwanza.

Tarehe 11, saa tatu kasorobo, nilikuwa nakaza skrubu shingoni mwa Namba Nne, shingo ikashuka yenyewe. Hitilafu ya umeme, au programu, sijui. Meno ya gia yamenishika mkono wa kulia. Kidole cha shahada na cha kati vimevunjika, na cha shahada kimepoteza ncha. Nimelala hospitali siku nne. Sasa niko nyumbani, mkono umefungwa bandeji mpaka unafanana na mkate.

Mzee asijue. Akijua, haendi kupasuliwa. Daktari amenikataza kukanyaga ukumbini wiki sita kwa sababu ya vumbi, lakini hilo nimelipatia dawa. Kompyuta ya Msanii huandika kila mguso na saa yake. Nilimwomba, nikiwa bado kitandani hospitali, achukue mguso wangu wa siku moja ya Februari na kuurudia kila asubuhi, saa tatu na sekunde kumi. Ndege ataitika kwa mkono wangu, mkono wa wakati ule ulipokuwa mzima.

Msanii hakupenda. Alisema hao ndege hawakutengenezwa wadanganye. Lakini ana huruma, na anajiona ana hatia, maana anadhani kosa ni la programu yake. Akakubali.

Mdogo wako,
Mkono Mkate

&nbsp;

22 Machi

Mdogo wangu,

Nilisoma ukurasa wa pili nimesimama nyuma ya rafu za kamusi, nikakaa juu ya ngazi. Pole. Pole sana. Ningekuja, lakini nimwache na nani? Na nikija, nimwambie nakwenda wapi?

Ukurasa wa kwanza nilimpa. Aliusoma mara mbili. Hakucheka. Aliukunja akauweka chini ya kioo cha meza, pale anapoweka vipuri vya saa asivyojua ni vya saa gani.

Sasa kuna jambo linaninyima raha. Siku kumi hizi anakuja maktaba na saa yake ya mfukoni. Anaishikilia mkono mmoja, mwingine anauweka kifuani mwa korongo. Anagonga. Ndege anaitika. Anaangalia saa, anaandika namba kwenye daftari, anaondoka bila kuniaga. Nimemuuliza kwa kumwandikia: “Unapima nini, Baba?” Akajibu kwa sauti yake ile inayosikika mpaka rafu za mwisho: “Mapigo.”

Jana hakula jioni. Mdogo wangu, yule mtu amekaa na saa za watu miaka arobaini. Tunamdanganya kwa dakika na sekunde!

Huwezi kuja ukumbini hata siku moja, ukabonyeza kwa mkono wa kushoto?

Dada yako

&nbsp;

27 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo.

*Ukurasa wa kwanza (mpe Mzee)*

Baba, habari za huku ni nzuri mpaka zinachosha. Mtoto mmoja alimlisha Namba Mbili biskuti. Tumeyatoa makombo kwa kibanio cha nyusi cha Msanii, na sasa ananidai kibanio. Jiandae vizuri kwa tarehe 2. Nitakuwa hapo.

*Ukurasa wa pili (wa Dada peke yake)*

Mkono wa kushoto siwezi. Nimekwambia, daktari amekataza. Tafadhali usinisukume.

Zimebaki siku sita. Mwache apime. Namba anazoandika zitakuwa nzuri zote, kwa sababu mashine haikosei. Mbona mwenye saa anaogopa kitu kinachofika kwa wakati?

Silali vizuri. Msanii naye halali. Yuko kwenye kompyuta tangu asubuhi hadi wanafunga geti, anatafuta kosa lililoishusha shingo saa tatu kasorobo. Halioni. Amefungua programu yote akaipanga upya, mstari kwa mstari. Jana aliniambia akishindwa kulipata atawafunga ndege wote na maonyesho yaishe, maana hawezi kuwaacha watu waguse kitu asichokielewa. Nikamwambia apumzike. Ndilo neno pekee nililokuwa nalo.

Mdogo wako

&nbsp;

31 Machi

Kwako mwanangu, au kwa yeyote anayeandika kwa jina lake,

Dada yako hajui kama nimeandika. Stempu nimenunua mwenyewe.

Nimekuwa nikipima. Mwezi Februari ulichelewa kila siku: dakika mbili, nne, moja, sita. Siku moja ulinigongea nne badala ya tatu, nikajua ulikuwa unaongea na mtu. Nilifurahi. Saa inayochelewa huwa ina mwenyewe, na mwenyewe ana mambo yake.

Tangu tarehe 12 hujachelewa. Sekunde kumi, kila siku, siku kumi na tisa. Kati ya pigo la pili na la tatu ni sekunde mbili na nusu, kila siku. Mwanadamu hapigi hivyo. Hata saa niliyoitengeneza mimi haipigi hivyo.

Leo nimekwenda, nikakaa, nikakunja mikono. Sikugonga. Ilipofika saa tatu na sekunde kumi korongo akainama akaniitikia. Nani huitika asiyeitwa?

Na barua zinakuja kwa mwandiko nisioujua, zikiwa na utani ninaoujua. Utani mtu anaweza kuigiza.

Keshokutwa wananingoja hospitali. Siendi. Kama mwanangu yuko hai, anigongee yeye. Kama hayuko, niambieni mmemzika wapi. Mama yenu alinificha mambo kwa kunihurumia, nami sikumshukuru hata siku moja.

Baba yenu

&nbsp;

7 Aprili

Mdogo wangu,

Naandika hapa wodini, karatasi iko juu ya goti, kwa hiyo usinicheke mwandiko. Mwenye kucheka mwandiko siku hizi si wewe.

Tarehe 2 hakwenda. Wauguzi walipiga simu mara tatu. Yeye alikuwa amekaa kwenye benchi mbele ya korongo, amevaa koti la kwenda hospitali, mikono kifuani. Ndege akaitika saa tatu na sekunde kumi. Mzee akamgeuzia kisogo. Nilijifungia chumba cha magazeti ya zamani nikalia. Jioni ile alitembea ameinama, ameshika tumbo, na aliponiona namwangalia akanyooka.

Tarehe 4 alirudi tena. Aligonga: mbili, kimya, moja. Saa tatu na sekunde kumi ikapita. Ndege kimya. Nilimwona Mzee anaitazama saa, kisha anaukaza mkono kwenye kile kifua cha chuma. Dakika moja. Dakika tatu. Msomaji mmoja alitaka kupita na mtoto wake aguse, nikamzuia kwa kitabu nilichokishika. Dakika tano. Nikasema basi, umekufa kweli, na mimi ndiye niliyekuwa nabeba ukurasa wa pili kwenye mkoba.

Dakika ya saba korongo akatikisika. Akagonga moja. Akasita kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Akagonga mbili haraka haraka. Kimya kirefu. Moja. Halafu nyingine, ambayo haikuhitajika kabisa.

Mzee akaweka saa mfukoni. Akasema kwa sauti ile, maktaba nzima ikageuka: “Huyo! Amechelewa dakika saba na hajui kuhesabu. Huyo ndiye.”

Kisha akaniambia, “Tunangoja nini? Nipeleke.”

Amepasuliwa jana. Ameamka. Neno la kwanza aliuliza ni saa ngapi, la pili akasema saa ya ukutani iko nyuma dakika nne. Daktari anasema tungengoja wiki moja zaidi, angekuwa anazungumza na sisi mambo mengine.

Kurasa zako za pili zote nimempa. Alinyoosha mkono tu, hata hakuomba. Amezisoma akanirudishia. Ameniagiza nikuandikie maneno haya: “Saa tatu kasorobo sikubali. Shingo haishuki bila kuitwa. Aniambie ilikuwaje.”

Dada yako

&nbsp;

11 Aprili

Dada mpendwa,

Shikamoo, na asante kwa kila kitu, pamoja na kitabu ulichomzuilia msomaji. Mpe Mzee karatasi zote mbili.

*Ukurasa wa kwanza (wa Baba)*

Baba, pole na kisu. Nimefurahi umeamka na kuanza kuwasumbua kuhusu saa yao.

Nianze na madogo. Daktari hakunikataza kwenda ukumbini. Hakusema lolote kuhusu vumbi. Nilimwogopa ndege. Mtu mzima, mwenye mvi, aliyemchomelea yule korongo kuanzia ukucha mpaka kishungi, nilikuwa nikifika getini nageuza njia. Wiki tatu niliagana na mlinzi kabla sijasalimiana naye. Tarehe 3 ilipokuja barua yako niliisoma nimesimama pale pale getini. Kesho yake nikaingia. Nilimwomba Msanii afute ule mguso wa Februari. Zile dakika saba ulizopima sikuwa na shughuli nyingine. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwa Namba Nne nimeinua mkono wa kushoto, nikiushusha, nikiuinua. Msanii alisema nilifanana na mtu anayekataa kuapa. Na hesabu nilikosea kwa sababu mkono wa kushoto bado ni butu.

*Ukurasa wa pili (wa Baba pia)*

Haikuwa saa tatu kasorobo.

Tarehe 11 niliwahi kufika. Nilitaka siku hiyo nisichelewe. Namba Nne alikuwa anakohoa tena, na nilijua ni skrubu moja iliyolegea nyuma ya gia ya shingo. Swichi nyekundu iko ukutani, hatua kumi na mbili. Nilizihesabu baadaye. Lakini ukizima umeme, kile kisanduku cha taa ya kijani huchukua dakika kumi kuupata tena mtandao, na ilikuwa saa tatu kasoro dakika nne. Ningezima, ningekukosa, nawe ungeandika kwenye daftari. Nikasema, kazi ya dakika moja. Nikafungua kifuniko, nikaingiza vidole viwili katikati ya meno ya gia niipapase skrubu. Mashine ikiwa hai. Kinyume cha uliyonifundisha nikiwa na miaka minane, kwenye ile saa ya mezani iliyonichana kucha, na ukarudia mwezi uliopita kwa maandishi ya Dada. Barua yake ilikuwa kwenye mfuko wa nyuma wa suruali yangu.

Skrubu ilikataa. Nikasahau saa.

Ukagonga.

Pigo la kwanza shingo ilishuka ikanishika. La pili ikanivunja. Kisha ukanyamaza, kama kawaida yako. Baba, ule ukimya wako nimeusikiliza tangu utotoni, chini ya meza, mlangoni, huku tunanawa mikono. Sijawahi kuuogopa. Siku ile nilisimama vidole vikiwa ndani, siwezi kuvitoa, siwezi kuifikia swichi, na nilijua bado moja. Hakuna mtu mwingine ukumbini aliyejua. Nilikuita kwa sauti, kana kwamba ungesikia hata kama ungekuwa mlangoni.

Ukagonga moja.

Ndiyo sababu nilisema kasorobo. Kwenye kompyuta, kasorobo hapakuwa na mguso wa mtu yeyote. Saa tatu kamili palikuwa na wako. Sikutaka wewe wala mtu mwingine asome hapo na kuona kiganja cha nani kilinivunja. Nikaona afadhali liwe kosa la umeme, na umeme haukujitetea, nikaona afadhali liwe la programu, na mwenye programu ni binti anayejiamini kidogo kuliko anavyostahili, akalibeba. Amelibeba mwezi mzima. Amekonda. Alikuwa anawafunga ndege wake kwa ajili ya uongo wangu.

Leo asubuhi nimemwambia yote. Alifungua kompyuta, akaiangalia saa tatu kamili ya tarehe 11: mbili, nafasi, moja. Kisha akaniuliza kama naelewa ni mara ngapi ameisoma programu ile. Nikasema naelewa. Akasema sielewi. Ni kweli sielewi. Hajanifukuza, ila kesho atabandika swichi nyingine nyekundu kwenye kila shingo, na ameniambia hataki utani kwa siku chache. Nimekubali, ndiyo maana utani wote umekuja kwako.

Sasa wewe. Najua utakaa hapo kitandani ukikitazama kiganja chako. Kitazame, lakini kilikuwa kinanisalimia tu. Kilifanya kama kilivyofanya kila siku, kwa wakati wake, na mwenye kosa ni aliyeweka vidole mahali pa salamu ili asionekane amechelewa. Nimeficha kwa kukuhurumia, nami sikutegemea kushukuriwa.

Kidole cha shahada hakitaota tena ncha. Cha kati kinapinda kidogo, kama herufi iliyoandikwa na mkono wangu wa kushoto.

Ukitoka hospitali, ukarudi kwenye lile benchi, huenda ukaogopa kugonga. Ukiogopa, kaa siku mbili tatu. Mimi nilikaa wiki tatu. Ila siku utakayogonga usipunguze nguvu ukidhani unanihurumia, maana nitajua. Gonga kama zamani. Nitakuwa mbele ya Namba Nne, kifuniko kimefungwa, mikono yote miwili nje. Ukinyamaza baada ya mbili, mimi nitakuwa nasikiliza.

Mwanao, aliyechelewa